Lichupa likubwa la wiski limekaa kabatini: jinsi ya kuamua ulitunze, uliuze au mlinywe

Ndugu zangu wengi huku Mbeya, Iringa, Njombe wana hii kitu ndani na hawajui waifanyeje. Unaingia sebuleni kwa mtu unakuta juu ya kabati la vyombo kuna galoni ya wiski imesimama kwenye kile kistendi chake cha kubembea, mzee alipewa siku anastaafu au shemeji alirudi nayo safari, na kila mgeni anaambiwa hiyo usiiguse inazidi kukomaa. Miaka inaenda. Naandika hii kwasababu kwetu Uyole tuliipoteza moja hivohivo na mpaka leo inaniuma.

Baba alipewa na wenzake siku ya kumuaga kazini, galoni ya lita 4.5, akasema hii tutafungua siku mdogo wenu wa mwisho anaoa. Akaiweka juu ya kabati linaloangaliana na dirisha la mashariki, jua la asubuhi linaipiga kila siku, miaka kumi na kitu. Mzee akatangulia mbele za haki, mdogo wangu naye akaja kuoa, siku ya harusi baba mdogo akapewa heshima ya kufungua. Kifuniko kikameguka mkononi, kile kiplastiki cha ndani kimekauka kimepasuka, na wiski yenyewe ilishashuka kutoka shingoni mpaka chini ya mabega ya chupa. Akaonja, akakaa kimya kidogo, akasema "mwanangu, hii imechoka". Haikuwa sumu, ila ilikuwa imepooza, harufu hamna, imebaki ukali mtupu. Kitu mzee alichokitunza kwa ajili yetu kikawa kimeisha bila mtu kukinywa.

Sa twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: toa kichwani hilo neno "inakomaa"

Hapa ndo watu wengi tunakosea na nadhani najua tunapolitoa. Sisi tumekulia kwenye ulanzi na kimpumu, pombe zetu za kienyeji. Mtu wa Iringa anajua kabisa ulanzi ukigemwa asubuhi ni mtogwa, mtamu hata mtoto anaonja, ukiulaza unakuwa mkangafu unaoweza kukuangusha, yani pombe yetu ipo hai inaendelea kujipika yenyewe. Kwahiyo tukiona wiski tunadhani nayo inaendelea. Haiendelei. Wiski imeshakenekwa, hamira yote ilishabaki nyuma kiwandani, na ule ukomavu wake inaupata ndani ya pipa la mti wa mwaloni tu, mti ndo unaipa rangi na ladha. Kule Scotland sheria inasema lazima ikae kwenye pipa la mwaloni miaka isiyopungua 3 na iingie kwenye chupa ikiwa na kilevi kisichopungua asilimia 40. Siku inapotolewa kwenye pipa ikatiwa kwenye chupa, umri wake umesimama hapohapo. Johnnie Walker Black Label imeandikwa miaka 12, maana yake wiski changa kuliko zote zilizochanganywa humo ilikaa miaka 12 pipani, ukiiweka kabatini miaka mingine 20 bado ni ya miaka 12, sio ya 32.

Chupa iliyofungwa vizuri ikakaa vizuri itabaki vilevile miaka mingi sana. Vilevile, sio bora zaidi. Ukishalielewa hili maamuzi mengine yote yanakuwa mepesi.

Hatua ya 2: ishushe uikague mchana kweupe

Ishushe na watu wawili, maana lita 4.5 ni zaidi ya kilo 4 za kimiminika peke yake, bado kioo. Alafu anza kuangalia.

Ujazo wake kwanza. Galoni halisi ya wiski imeandikwa lita 4.5, na hilo jina galoni limetokana na galoni ya Kiingereza ambayo ni lita 4.546. Zipo pia za lita 3, za lita 1.75 ambazo Wamarekani wanazipenda, na za lita 1 za madukani kwenye viwanja vya ndege. Ya 4.5 ni sawa na chupa 6 za kawaida za mililita 750. Hiyo hesabu ya 6 ishike, tutairudia.

Alafu usawa wa wiski. Chupa mpya inakuwa imejaa mpaka shingoni, ikiwa imeshuka mpaka mabegani na kifuniko hakijawahi kufunguliwa basi inavuja hewa, kilevi na harufu vinatoka taratibu. Chukua selotepu bandika kwa nje pale wiski inapoishia, andika tarehe, angalia tena baada ya miezi mitatu. Ikishuka chini ya selotepu huna cha kutunza hapo, ruka moja kwa moja kwenye hatua ya kunywa.

Kifuniko na sili. Zungusha kwa macho tu, usikizungushe kwa mkono. Ile pete ya chini imeshikana na kifuniko au imekatika? Kuna gundi, kuna mikwaruzo, kuna utando wa wiski iliyokaukia shingoni? Lebo imenyooka, maandishi hayajakosewa herufi? Ina namba za kiwandani zilizochapwa kwenye kioo au kwenye lebo? Shika chupa uielekeze kwenye mwanga, wiski iwe angavu, isiwe na vumbi linaloelea. Hapa niseme jambo moja la baridi yetu, ukiwa Makambako au Njombe mwezi wa 7 unaweza ukakuta wiski imekuwa na ukungu kidogo, kuna wiski ambazo hazijachujwa kwa baridi kiwandani na zenyewe zinafanya hivyo zikipoa sana, ilete jikoni ipate joto la kawaida, ukiona ukungu umeondoka hiyo ni nzima. Wala usiogope kuganda, wiski ya asilimia 40 inaanza kuganda karibu na nyuzi 27 chini ya sifuri, Kitulo yenyewe haifiki huko.

Sa hapa kwenye sili nawaomba muwe wakali jamani. Kama sili imekatika na hakuna mtu wa kukwambia kwa uhakika ni nani aliifungua na lini, usinywe, usiuze, usimpe mtu. Machupa makubwa yenye jina yanatafutwa na wanaojaza feki, na pombe feki inaweza kuwa na methanoli ambayo inapofua macho na kuua, na kwa kuonja tu huwezi kuijua. Nasisitiza kwasababu huku kwetu tuko karibu na mipaka miwili, Tunduma kwa Zambia na Kasumulu kwa Malawi, mizigo inapita mchana na usiku, na mtu akikwambia nimekuletea galoni ya bei chee kutoka ng'ambo hiyo bei chee ndo ya kukutia wasiwasi.

Stempu nayo. Stempu za kodi za kielektroniki za TRA, yani Mamlaka ya Mapato, zilianza kwa pombe Januari 2019, na kuna programu ya simu inaitwa Hakiki Stempu unaskani unaona kama ni halali. Kama chupa yako ni ya zamani zaidi au mtu alikuja nayo kwenye begi kutoka nje haitakuwa nayo, na hiyo haimaanishi ni feki, ila itakuja kukubana kwenye kuuza.

Hatua ya 3: ni ya nani?

Fupi tu. Kama mzee yupo muulize yeye. Kama ameshaondoka, kaeni na mama na ndugu, msiamue mmoja kwasababu anaishi karibu na kabati. Mama yetu ni Moravian ameokoka, kwa miaka yote hakuipenda ile chupa ndani ila aliiheshimu kwasababu ya baba, na nyumba za namna hiyo huku kwetu ni nyingi, yeye ana haki ya kusema itoke hata kama nyie wote mnataka ibaki.

Hatua ya 4: lini inafaa kuitunza

Mi naona sababu za kweli za kutunza ni mbili. Ya kwanza kuna siku inayojulikana, ina tarehe au angalau ina mwaka: harusi, jubilei ya ndoa, mtoto kumaliza chuo. "Siku moja tutafungua" sio siku. Ya pili ni kama wiski yenyewe ni adimu kweli, na hapa tuongee ukweli kwasababu watu wanasoma habari za minada alafu wanaangalia galoni yao kwa macho mengine.

Ni kweli Macallan, wiski ya Scotland, ya mwaka 1926, chupa moja ya kawaida, iliuzwa London Novemba 2023 kwa zaidi ya pauni milioni 2. Ni kweli pia chupa kubwa kupita zote, lita 311, ndefu kama mtu mzima, iliuzwa mnadani Edinburgh Mei 2022 kwa pauni milioni 1.1. Ila angalia kilichokuwa ndani, ilikuwa Macallan ya miaka 32. Ukubwa peke yake haukuleta hiyo hela. Wanaotafuta wiski za kuhifadhi wanataka za pipa moja au kiwanda kimoja zenye umri mkubwa, toleo la chupa chache zenye namba, au za viwanda vilivyofungwa, mfano Port Ellen na Brora zilizofungwa 1983 au Rosebank iliyofungwa 1993, wiski iliyotengenezwa kipindi kile haiwezi kurudi hata kama viwanda vimefunguliwa upya. Galoni nyingi za sebuleni kwetu ni wiski za kuchanganywa za kawaida ambazo kiwanda kinatoa kila siku. Hizo hazipandi thamani kwa kukaa. Mtu wa Mafinga akitaka akiba anapanda paini, paini linakua hata akiwa amelala, wiski ndani ya chupa haiongezeki hata toti moja.

Alama moja ya uzee wa kweli: kama lebo ya wiski ya Scotland imeandikwa nguvu kwa pruvu 70 badala ya asilimia, hiyo ni ya zamani, Waingereza waliacha kuhesabu hivyo mwaka 1980, na pruvu 70 yao ndo asilimia 40 ya leo. Ukiona pruvu 80 usishangilie, hiyo ni hesabu ya Wamarekani na wanaitumia mpaka leo. Ukikuta ya zamani hivo au ya viwanda nilivyotaja, isimamishe kwanza, piga picha zote, tafuta bei zilizouzwa kweli kwenye minada ya wiski mtandaoni, sio bei wanazoomba wauzaji.

Ukiamua kutunza tunza hivi. Isimame wima, usiilaze kama mvinyo, kilevi kikali kikigusa kizibo muda mrefu kinakila. Iwe gizani, ndani ya boksi lake au umeifunga kwa kitambaa, mbali na dirisha, mbali na jiko la mkaa na mbali na friji linalotoa joto nyuma. Baridi ya kwetu ni rafiki wa wiski, chumba cha ndani Mbeya mjini kinafaa kuliko stoo ya Dar. Na iwe na kufuli kama kuna watoto au kuna mtu nyumbani anapambana kuacha pombe, kwa huyo wa pili mi ningeiondoa kabisa hiyo chupa, hamna sherehe inayozidi huyo ndugu yenu.

Hatua ya 5: kuuza

Kabla hujapiga picha ya kurusha kwenye grupu la Whatsapp, jua kwamba kuuza pombe kunahitaji leseni ya vileo ya halmashauri. Kuweka tangazo wazi na kuuza pombe kwa kila ajaye ni kujitafutia matatizo. Na ukiipeleka kwenye duka lenye leseni pale Kabwe au Mwanjelwa swali la kwanza ni stempu iko wapi, na kama haina, mwenye duka makini hataiweka rafu kwake kwasababu akikaguliwa ni yeye. Kwahiyo njia ya kwanza nenda kwa mwenye leseni umuulize wazi kama anaweza kuichukua na kwa utaratibu gani, ukiwa na risiti ya ilikonunuliwa mambo yanakuwa rahisi sana. Kama haiwezekani usilazimishe, mpe ndugu au rafiki kama zawadi, wengi wataona aibu kukuachia mikono mitupu na hilo ni lenu wenyewe.

Bei piga hivi. Uliza chupa ya mililita 750 ya wiski hiyohiyo dukani ni bei gani, zidisha mara 6. Tuseme kwa mfano tu ni elfu 60, basi galoni nzima ina wiski ya laki 3 na elfu 60. Hiyo ndo dari ya mnunuzi wa kawaida, wengi watakupa chini yake kwasababu chupa kubwa ni ngumu kubeba na ngumu kumaliza. Mtu wa ukumbi au hoteli anaweza akaongeza kidogo kwa ajili ya ule muonekano na kistendi. Kama usawa umeshuka, toa kile kilichopotea, usimdanganye mtu.

Kusafirisha. Kutoka Mbeya mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 800 na katikati kuna Kitonga, chupa isiyofungwa vizuri kwenye buti la basi haifiki. Funga kifuniko kwa plastiki, zungushia nguo nzito, weka kwenye boksi gumu lisilo na nafasi ya kucheza, iwe wima. Kwa ndege kanuni ya kawaida ni pombe ya asilimia 24 mpaka 70 isizidi lita 5 kwa abiria na iwe kwenye kifungashio chake cha dukani, galoni ya 4.5 inaingia humo ila uliza shirika lako kabla hujafika uwanja wa ndege wa Songwe. Na anayetoka nje ya Afrika Mashariki ajue msamaha wa ushuru ni lita 1 ya pombe kali, inayozidi hapo unalipia.

Hatua ya 6: kunywa, na hapa ndo hesabu inahitajika zaidi

Kama sio adimu na hamna tarehe, ushauri wangu ni mnywe, na mnywe mkiwa wengi. Lita 4.5 ni toti 150 za mililita 30. Mkiwa wanywaji 50 kwenye sendofu kila mtu toti 2 zimeenda 100, zinabaki 50 ambazo ni lita moja na nusu. Mkiwa 10 sebuleni msijaribu kuimaliza, toti 15 kwa kichwa ni kumpeleka mtu hospitali. Ndani ya galoni moja kuna karibu lita 1.8 za kilevi kitupu, kumbuka hilo kabla mtu hajaanza mashindano. Shirika la Afya Duniani lilishasema mwaka 2023 hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kabisa kwa afya, kwahiyo mnaposhangilia mjue mnachokishika.

Fungueni chupa mapema, saa moja kabla ya wageni, aonje mtu mmoja anayeijua wiski. Kizibo cha gome kikikatika msihangaike, chujeni kwa kitambaa cheupe kisafi kilichochemshwa, au karatasi ya kuchujia kahawa, kahawa ya Mbozi mnayo mnajua hizo karatasi. Mimineni kwa kipimo cha toti, kile kistendi cha kubembea kinafanya galoni imwage bila kunyanyuliwa, ila mkiachia watu wajimiminie kila mmoja atapima kwa jicho lake. Maji ya kawaida kijiko kimoja kwenye glasi yanalegeza ukali na harufu inafunguka, wazee wetu wanaoogopa "kuiharibu" kwa maji wajaribu. Na chakula kiwepo kabla, sio baada.

Asiyekunywa apewe heshima ileile, chai ya Tukuyu ya moto ipo. Aliye kwenye dozi ya flajili, mjamzito, anayeendesha, asishawishiwe hata kwa toti moja ya kuchangamka. Na hili la huku kwetu nyanda za juu nawaomba mlisikilize: pombe inakufanya ujisikie joto wakati mwili unapoteza joto, mishipa ya kwenye ngozi inatanuka na joto linatoka nje. Mtu akitembea saa 8 usiku Juni kutoka Igawilo kupanda Uporoto akiwa amelewa, akakaa pembeni "apumzike kidogo", anaweza asiamke. Pangeni magodoro alale hapohapo.

Iliyobaki msiiache kwenye galoni. Chupa ikishafunguliwa na ikabaki chini ya nusu, hewa iliyojaa humo inapooza ladha ndani ya miezi. Chukueni chupa ndogo za kioo, zichemsheni, zikauke kabisa, jazeni mpaka shingoni, fungeni kwa nguvu. Lita moja na nusu ni chupa 2 za 750 kamili. Msitumie dumu wala chupa za maji za plastiki. Andikeni kwa maandishi makubwa WISKI na tarehe, mtoto akiona rangi ile atadhani ni chai ya rangi.

Na galoni tupu ikibaki usiiuze kwa wanaopita kununua chupa, hata wakikupa hela nzuri. Ya kwetu tuliitoa lebo yote kwa maji ya moto, kifuniko tukakikata vipande, shingo nikaikwaruza na jiwe ili isirudi kujazwa uongo. Kistendi mama amekihifadhi stoo, anasema kile ni cha baba yenu.